Bahasha Nisizofungua

Lukozi,
12 Mei 2024

Mwanangu Alen,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hapa hatujambo, ila mama yako goti la kushoto linamsumbua kila ukungu ukishuka, na mwaka huu umeshuka mapema. Wewe hujambo? Joto la Mnazi unalionaje? Mtu aliyezaliwa kwenye baridi kama hii, nakuona huko unalala bila shuka.

Usishangae kuandikiwa barua wakati kila mtu ana simu. Simu ninayo, ila unajua mtandao hapa kwetu unashika kwenye kona ya kanisa tu, na pale hata ukikohoa, kabla hujafika nyumbani mkeo ameshaulizwa kama una kifua. Mambo ya mtu na mwanawe hayasemwi pale. Barua hii nampa Stephano, konda wa kosta ya Mnazi, atakukabidhi mkononi.

Kwanza, habari ya wewe kuhama Korogwe tumeisikia kwa watu. Mama yako hakufurahi. Ulikuwa hospitali nzuri, una chumba chako na jina lako mlangoni, halafu tunasikia uko Mnazi una duka la dawa. Sisemi ni vibaya. Nasema tungeambiwa.

Pili, kuna bahasha yako imekuja kwenye sanduku la posta la usharika. Inatoka Dodoma, kwa Baraza, lile linalowasajili ninyi matabibu na madaktari. Ina muhuri, na imeandikwa jina lako kamili, kupitia kwangu. Mchungaji alinikabidhi baada ya ibada. Sijaifungua. Miaka thelathini na moja nilikuwa mhudumu hospitali ya misheni, nikabeba barua za madaktari chumba hadi chumba, na sikuwahi kuinua hata moja kwenye mwanga. Barua ya mtu ni ya mtu. Niambie kama nikuletee au niiweke.

Tatu, watu wanakuulizia. Unawajua watu wetu, hawaulizi daktari amesomea wapi, wanauliza ni mtoto wa nani. Rashidi wa bondeni alikuwa anashuka na karoti zake, masikio yanamuuma, nikamwandikia kikaratasi: "Alen, mpokee huyu, ni jirani yetu." Amerudi anakusifu mpaka anatuchosha. Sasa kila anayeshuka Mnazi anapita kwangu kuchukua karatasi. Mama yako anasema nimepata cheo uzeeni.

Kula vizuri, na kanisani uende.

Baba yako,
Nathanaeli


Mnazi,
20 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo zake nyingi. Poleni na baridi. Mimi ni mzima kabisa, ila kuhusu shuka umepatia, silitumii tangu nifike. Nimempa Stephano mafuta ya kuchua kwa ajili ya goti la Mama. Achuliwe asubuhi na jioni, na wewe ndiye mchuaji, usimwachie peke yake.

Mnisamehe kwa kutowaambia mapema. Korogwe kulikuwa na fitina, Baba. Ukifanya kazi vizuri kuliko wenzako unatafutiwa sababu. Nikaona bora nije mahali ambapo watu wananihitaji. Hapa mashamba ya mpunga yameenea hadi huko chini, malaria haina likizo, na zahanati iko mbali na wanaoshinda mashambani. Nimefungua duka la dawa, na nyuma yake nimeweka vitanda viwili watu wapumzike.

Hiyo bahasha isikunyime usingizi. Ni mambo ya kila mwaka ya kuhuisha leseni, kila mmoja wetu anatumiwa. Iweke kabatini. Usimpe Stephano, yule akifika kwenye kona za Mlalo barua zote ziko chini ya miguu ya abiria.

Lakini kuna kitu naomba anibebee. Cheti changu cha chuo, kile kilichotundikwa sebuleni. Watu wa huku wanapenda kuona kitu ukutani. Kifungeni vizuri, kioo kisivunjike.

Na Baba, karatasi zako zinanisaidia kuliko unavyodhani. Mtu akija na mwandiko wako haniulizi swali lolote. Endelea kuwaandikia.

Mwanao,
Alen


Lukozi,
8 Juni 2024

Mwanangu Alen,

Salamu za upendo kutoka kwetu sote. Tunaendelea vizuri. Goti limepata nafuu, na mchuaji ameambiwa mikono yake ni migumu, kwa hiyo kazi yangu ya hospitali inaendelea na lawama zake zilezile. Wewe unaendeleaje? Stephano anasema umekonda.

Cheti nimekifunga kwenye kanga mbili za mama yako, zirudishwe. Ukutani pamebaki alama nyeupe, tumeweka kalenda ya usharika.

Sasa nikuulize jambo, na usinikasirikie. Duka la dawa lina vitanda vya nini? Kwetu hospitali tulifundishwa duka ni duka na wodi ni wodi. Unajua watu walikuwa wananiita daktari kwa sababu ya koti, na kila mara niliwarekebisha: mimi ni mhudumu, nafagia na kuchemsha sindano. Siku moja daktari hayupo, akaja mtu na jipu la paja, analia, ananishika miguu nimpasue. Kisu nilikijua kilipo na nilishaona kazi ile ikifanywa mara mia. Nikakataa. Alinitukana mbele za watu, akasema nina roho mbaya. Nilikaa naye mpaka daktari aliporudi. Kujua inavyofanywa hakukunipa ruhusa ya kuifanya. Nakueleza haya kwa sababu wewe ruhusa unayo, basi uitunze.

Bahasha ya pili imekuja. Hii ni nene, na nje imegongwa neno HARAKA kwa wino mwekundu. Kama ni leseni tu, mbona wana haraka hivyo? Nimeiweka juu ya ile ya kwanza.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kassimu jirani yetu, yule wa viazi, amekodi shamba la mpunga huko Mnazi na anashuka na mkewe Halima kuwinga ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Halima ana mimba ya tatu, na ya pili alijifungua kwa kupasuliwa. Kadi yake ya kliniki imeandikwa juu kabisa azalie hospitali. Nimewaambia mwisho wa Julai wapande Lushoto wakasubirie kule. Nimemwandikia karatasi ya kwako kwa ajili ya homa na vitu vidogo tu. Nakuomba umwangalie kama dada yako, na siku zikikaribia umpe rufaa mapema. Kovu ni kovu, wewe unalijua kuliko mimi.

Secilia, mkunga wa zahanati hapa, ameniuliza mara mbili kama una hakika na kazi yako huko. Nilimwambia swali gani hilo.

Baba yako,
Nathanaeli


Mnazi,
19 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama ana nafuu. Mimi sijambo, kukonda ni jasho tu. Cheti kimefika salama na kimependeza, kanga nimempa Stephano.

Kassimu na Halima wamefika. Karatasi yako ameiweka ndani ya kadi ya kliniki, anaitoa kwa adabu kama anatoa tiketi. Nimempima, mtoto amekaa vizuri na mapigo ni mazuri. Nimemwambia asijisumbue kupanda milima na tumbo lile, barabara yenyewe inaweza kumletea uchungu njiani. Makovu ya siku hizi si kama ya zamani, Baba. Nimewazalisha wenye makovu wengi tu, wanatoka wanatembea.

Ile hadithi ya jipu uliwahi kunisimulia nikiwa darasa la tano. Naiheshimu. Lakini wewe ulikuwa na daktari wa kumsubiri. Hapa daktari ni mimi.

Mwambie Secilia aangalie wajawazito wake. Sijui ananitakia nini.

Na hizo bahasha zisiwe zinakaa kabatini zinakutazama. Zote mbili zinasema kitu kimoja, nimeshalishughulikia. Ziwashie moto jikoni, utapata nafasi ya kuweka miwani yako.

Msalimie Mama sana.

Mwanao,
Alen


Lukozi,
30 Juni 2024

Alen,

Hujambo? Sisi tuko hai. Salamu leo ni fupi.

Bahasha sikuzichoma. Nilikaa na barua yako siku sita nikijiuliza, karatasi ya leseni mtu anaichoma ya nini? Tabibu huwa anaitundika leseni yake. Wewe uliagiza cheti cha chuo kitundikwe, leseni hukuitaja.

Leo baada ya ibada nimemwita Secilia pembeni, pale konani. Nikamwambia, binti yangu, sema unachokijua. Alichukua simu yake akafungua daftari la Baraza, kumbe siku hizi mtu yeyote anaweza kulisoma. Ukiandika jina la tabibu linakuonyesha kama anaruhusiwa kutibu au haruhusiwi. Akaandika jina lako. Likatokea, na namba yako, na pembeni yake limeandikwa AMESIMAMISHWA. Nikamwambia huenda ni Alen mwingine. Akaniuliza, wa Lukozi mwingine, Mzee, kwa sanduku hilihili la posta?

Nimekuja nyumbani nikazifungua. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kufungua barua ya mtu. Sasa najua. Najua Korogwe kulikuwa na mwanamke mwenye kovu, ukamtundikia dripu ya uchungu, kitu ambacho mwenye kovu kama lake hafanyiwi vile, halafu ukamwacha ukaondoka, kizazi kikapasuka. Najua alikufa na mtoto wake. Najua walikuita ukajitetea, wakasikiliza, wakaamua usitibu mtu yeyote miaka miwili, na ukirudi ukae chini ya uangalizi. Bahasha ya pili wanakutaka urudishe leseni, na wanakuonya ukikutwa unatibu ni kosa la jinai. Mwisho wameandika sababu: kwa ajili ya kulinda wananchi. Hayo maneno nimeyasoma mara tatu. Wananchi wenyewe ndio hawa ninaowaandikia karatasi waje kwako.

Nimetoka mbio kwenda konani kukupigia. Simu yako imezimwa. Nikampata Kassimu. Watu walikuwa wamejaa pale, ni Jumapili, kwaya yote imesimama inasubiri mtandao. Nilifungua mdomo niseme, Alen, na nikashindwa. Nikamwambia mrudishe Halima nyumbani mapema. Akauliza kwa nini, kuna msiba? Nikasema hapana, huko kuna joto, si vizuri kwa mjamzito. Akacheka. Akasema, Mzee, joto gani na daktari wetu yupo hatua ishirini.

Kwa hiyo nakuandikia wewe. Mpeleke Halima hospitali ya wilaya. Usimpe dawa, usimpime, mpandishe gari. Kisha ufunge duka, na uwaandikie Baraza mwenyewe uwaambie ulipo. Nakupa siku saba. Usipoandika wewe nitaandika mimi, na Mungu anajua sitaki.

Mama yako macho yake ni yale yale, hasomi. Nimemsomea salamu tu, mengine nimeyaruka.

Baba yako,
Nathanaeli


Mnazi,
4 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Barua yako imenichoma. Umeamini karatasi kabla ya kuniuliza mimi. Siku ile Korogwe nilikuwa na wanawake watatu wa kujifungua kwa wakati mmoja, na muuguzi mmoja. Yule wa kovu alikuwa anaendelea vizuri. Sikwenda kulewa, Baba, nilikwenda kwa mwingine aliyekuwa anavuja damu, na huyo alipona, mbona hao hawamwandiki? Niliporudi nikakuta mambo yameharibika. Wakatafuta mtu wa kubeba mzigo, wakanipata mimi. Wao wanakaa ofisini na viyoyozi, halafu wananiambia nilipaswa kuwa wapi.

Ndiyo, walinisimamisha. Nilifanyeje? Ili nisome mliuza ng'ombe wawili na shamba la chai la babu. Nirudi nilime viazi watu wanitazame? Mama angewaambia nini wanawake wenzake?

Hapa wiki iliyopita nimetibu watoto kumi na wanne wenye malaria. Kumi na wanne, na wote wamepona. Nikifunga kesho, watakwenda kwa nani jua likiwa kali hivi? Wewe unasema wananchi walindwe. Mimi ndiye ninayewalinda.

Halima nitamsafirisha mwenyewe. Bado ana wiki tano, hakuna haraka. Kassimu anataka amalize kuvuna sehemu ya juu kwanza. Wiki ijayo nitakuwa nimempeleka, nakuapia.

Naomba tu usiandike. Nipe mpaka mavuno yaishe, nikusanye vitu vyangu, niende nikajisalimishe mwenyewe kama mwanamume. Ukiwaandikia wewe, itakuwa ni baba yangu ndiye aliyenifunga. Na Mama usimwambie.

Mwanao,
Alen


Korogwe,
27 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaniitikia. Mama hajambo? Nisalimie.

Najua wewe ndiye uliyesimama kaburini, mimi sikuweza kuja. Nimeandika barua hii mara nne.

Uchungu ulimwanza mapema, Baba. Alikuja na mama mmoja jirani yao, Kassimu yuko shambani. Ulikuwa unakuja unapotea. Gari la kupandia lilikuwa limeshaondoka. Nikafikiri nikimsaidia kidogo atajifungua upesi, mambo yaishe salama, na wewe uone kwamba nilikuwa sahihi. Nilimtundikia dripu. Niliiweka polepole sana. Sikuondoka safari hii, nakuapia, nilikaa pale pale namshika mkono. Akaniambia, daktari, kuna kitu kimeachia ndani. Kisha maumivu yakakata, akatulia, akaniuliza kama ndiyo mtoto anakuja. Nilijua hapo hapo. Tulipata pikapu ya mtu wa vitunguu. Alikata roho kabla hatujafika Mlalo.

Daktari wa wilaya aliona alama ya sindano mkononi mwake akauliza nani alimwekea. Duka wamelifunga. Polisi wamenihoji na kuniachia kwa dhamana, na Baraza wameniita Dodoma Jumatano tarehe 14 Agosti.

Sasa nisikilize, Baba, nisikilize kama ulivyonisikiliza nilipokuwa mdogo. Kassimu anakuheshimu. Hajui chochote kuhusu Korogwe, anadhani nilijitahidi. Akiambiwa na wewe kwamba ni mapenzi ya Mungu atakubali, wala hatakwenda kutoa maelezo. Na wewe naomba uje Dodoma uwe shahidi wangu. Mzee wa kanisa, mtu wa hospitali miaka thelathini, watakuamini. Sema nilimwandikia Halima rufaa mwezi Juni akakataa kwenda. Sema ulijua. Ni maneno mawili tu. Bila hayo nafutwa kabisa kwenye daftari, na nakwenda jela.

Sina mtu mwingine.

Mwanao,
Alen


Lukozi,
3 Agosti 2024

Mwanangu Alen,

Marahaba. Nimekuitikia, na nitaendelea kukuitikia. Mama yako ni mzima wa mwili. Mimi pia.

Barua yako imefika Jumanne. Nilikaa na mama yako nikamsomea yote, na zile za nyuma zote, nikarudia kila mahali nilipokuwa nimeruka. Ilichukua muda mrefu. Hakulia wakati ninasoma. Nilipomaliza akaniuliza, Kassimu anajua? Nikasema hapana. Akasema basi usimjibu mtoto kabla hujafika kwa Kassimu.

Nikueleze kwanza kilichotokea baada ya mazishi, maana hukuwepo. Siku ya tatu Kassimu alikuja hapa na kilo ya sukari. Aliketi kwenye kiti chako. Alisema, Mzee, mwambie Alen asijilaumu, alihangaika sana na mke wangu. Akanishukuru kwa karatasi. Mama yako akaleta chai, nikanywa naye, na sikusema neno. Ninakuandikia hivi ujue kwamba sina usafi wa kukuhukumu.

Nilikupa siku saba. Ya nane nikasema labda kosta imechelewa. Ya tisa nikasema ameapa, atampeleka. Ya kumi nilichukua kalamu, nikaandika "Kwa Baraza", na nikaiweka chini kwa sababu jina lililofuata lilikuwa lako. Ya kumi na moja ndiyo aliyokufa Halima. Kama ningepanda pikipiki siku ile ya Jumapili nikashuka Mnazi mwenyewe, au ningesema konani mbele ya kwaya nzima, angekuwa amelala Lushoto na mtoto pembeni. Aibu ya kusikiwa ndiyo iliyonizuia. Wewe ulitaka kuonekana daktari, mimi nilitaka kuonekana baba wa daktari.

Juzi nimekwenda kwa Kassimu. Alikuwa anashona viroba vya viazi, Latifa, mtoto wao mkubwa, anamshikia uzi. Nikamwomba mtoto aende ndani. Nikamwambia kila kitu, bahasha, daftari la kwenye simu, mwanamke wa Korogwe. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza kitu kimoja tu: siku ile uliponipigia simu ukasema huko kuna joto, ulikuwa umeshajua? Nikasema ndiyo. Alishona kile kiroba mpaka mwisho, akakata uzi, akasema, toka kwangu, Mzee.

Nikatoka. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, nikaacha bahasha zako mbili na barua zako zote, pamoja na hii ya mwisho unayoniomba niseme uongo. Nimeandika maelezo kwa mkono wangu na kutia sahihi. Nimeandika na ya kwangu, karatasi ngapi niliwaandikia watu, na nilijua tarehe ngapi. Hiyo rufaa ya Juni sikuiona, kwa hiyo sitaisema.

Najua utaona nimekuuza. Lakini fikiria, ulisimamishwa kwa sababu ya mwanamke mmoja, ili asiwepo wa pili. Walifanya kazi yao. Mimi na wewe ndio tuliomleta wa pili kitandani kwako. Nikikusaidia tena, atakuwepo wa tatu, na huyo nitakuwa nimemwona nikiwa macho. Siwezi, Alen. Nimejaribu kuweza, kwa sababu nakupenda, na sikuweza.

Usikimbie. Mama yako amesema nikuandikie hivyo kwa maneno yake: mwambie asikimbie, kitanda chake kipo, akitoka huko atakakopelekwa atakikuta. Kama ni viazi, utalima viazi. Watu watatazama, halafu watachoka kutazama.

Jana Kassimu amekuja. Hakuingia ndani, alisimama pale kwenye migomba. Amesema anataka kwenda Dodoma kuwaambia mwenyewe Halima alikuwa nani, ila mambo ya ofisi hayajui, na katika watu wote hapa anayeyajua ni mimi. Nilimwambia nitakwenda naye. Akasema hatazungumza na mimi njiani. Nikasema sawa. Tunaondoka Jumatatu tarehe 12.

Kwa hiyo siku ile utatukuta pale mapema, tumekaa benchi moja. Najua ukiniona utanijia mimi kwanza, ndivyo nilivyokulea. Safari hii usinisalimie mimi. Mwamkie Kassimu, na asipokuitikia, kaa chini usubiri.

Baba yako,
Nathanaeli